Jeni ya rubisko imekaa kwenye ukoo usio wake: je, nimechafua sampuli?

«Shikamoo Daktari. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, nyumbani ni Katonga, Kigoma. Kwa utafiti wangu wa shahada nilichota maji ya Ziwa Tanganyika kwa boti ya kaka yangu, mwendo wa saa moja kutoka mwaloni, katika kina cha mita 10, mita 50 na mita 150. Nilichuja, nikatoa DNA, kisha kwa PCR, mbinu ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi, nikakuza jeni mbili: ile ya ribosomu tunayotambulia bakteria, yaani 16S, na jeni ya rubisko, kimeng'enya kinachonasa hewa ukaa. Maji ya juu, 16S inaniambia yamejaa sayanobakteria, yaani bakteria wanaoishi kwa jua kama mimea, wadogo wa kundi la Synechococcus na Cyanobium. Lakini nilipoichorea jeni ya rubisko mti wa nasaba, mifuatano mingi haikukaa na sayanobakteria wa vitabuni wala na mimea. Imekaa katikati ya proteobakteria, ukoo mwingine mkubwa wa bakteria, pamoja na bakteria wanaoishi kwa salfa! Msimamizi wangu aliutazama mti dakika moja tu, akasema ni uchafu wa maabara, nianze upya. Na sampuli ya mita 150 haikutoa kitu kabisa, kwa hiyo nimeandika kwamba huko chini hakuna anayenasa kaboni. Muda umebaki mdogo na pesa ya vitendanishi imekwisha. Je, nimeharibu kazi? Na kama sijaharibu, inawezekanaje jeni ya kiumbe mmoja ifanane na ya ukoo mwingine kabisa?»

Marahaba, binti yangu. Pole kwa hofu hiyo. Kuanza upya ni jambo zito kwa mtu aliyebeba madumu ya maji kutoka ziwani hadi maabara, na pole zaidi kwa kuambiwa hivyo baada ya dakika moja. Mti uliouambatisha nimeukuza kwenye kioo hadi nikasoma majina yote. Nikupe kwanza jibu fupi ili usiku wa leo ulale: ulichokiona kwenye maji ya mita 10 na 50 ndicho ambacho maji ya Tanganyika yanatarajiwa kutoa. Ningeshtuka zaidi kama mti wako ungefanana na ule wa kitabuni. Yapo mambo ya kukagua kabla hujaandika maneno «jeni imehama» kwenye tasnifu, nami nitayaeleza moja moja. Ila ile sentensi ya mita 150 ifute leo hii.

Msimamizi wako usimwekee kinyongo. Katika kazi nyingi za wanafunzi, mti ukivurugika namna hiyo, mara nyingi ni uchafu kweli, na mtu aliyeona mambo hayo miaka mingi huwa mwepesi kushuku. Kushuku kwake ni halali. Kilichokosekana ni kuuliza swali la pili: je, vurugu hii ina mpangilio?

Tuanze na dhana ambayo wewe, msimamizi wako na vitabu vingi vya shule mmeibeba bila kuiangalia: kwamba mti wa jeni ni mti wa kiumbe. Chukua boti ya kaka yako. Mbao zake zimeungwa na mafundi wa huko huko kwetu, pengine Ujiji, pengine Kibirizi, na ukimwonyesha fundi mzee namna mkuku ulivyochongwa atakwambia imetoka mkono wa nani. Mashine iliyofungwa nyuma ni habari nyingine. Ilitengenezwa ng'ambo, ikauzwa, ikasukuma boti ya mtu mwingine miaka kadhaa, ikauzwa tena, ndipo ikamfikia kaka yako. Ukisoma namba ya mashine utapata historia ya mashine. Mwalo ilikoundwa boti hutaupata humo. Na mashine hiyo hiyo ukiifunga kesho kwenye kipe cha kuvulia dagaa, itasukuma vilevile.

16S ni mkuku. Inafanya kazi ikiwa imeshikana na protini nyingi za ribosomu, kila moja imezoea mkunjo wake, kwa hiyo kuing'oa na kuweka ya kiumbe mwingine ni shida kubwa. Ndiyo maana tunaiamini kutupa nasaba ya bakteria mwenyewe. Rubisko inafanana zaidi na mashine. Inahitaji vifaa vichache vya kuifungia, hasa kimeng'enya kiitwacho fosforibulokinasi kinachoandaa ile sukari yenye fosfeti mbili ambayo rubisko huibandikia hewa ukaa. Vifaa hivyo vikiwepo, bakteria wa ukoo wowote anaweza kuitumia. Hili limethibitishwa maabara: mwaka 2019 kikundi cha Ron Milo huko Israeli kilionyesha kwamba E. koli, bakteria wa utumbo ambaye kwa asili hajui kujilisha kwa hewa, akipewa jeni hizo, nishati kutoka kwenye kemikali iitwayo fomati, na muda mrefu wa kuchujwa kizazi baada ya kizazi, hujenga mwili wake wote kwa kaboni ya hewa ukaa.

Sasa tazama koo za rubisko yenyewe. Wataalamu wameigawa katika makundi manne makubwa. Kundi la kwanza ndilo lenye umbo la vipande kumi na sita, vikubwa 8 na vidogo 8, na ndilo lililopo kwenye mchicha, mhogo, mahindi, na karibu kila jani utakalolichuma Kigoma. Ndani ya kundi hili kuna matawi manne yanayoitwa A, B, C na D. Tawi B ni la mimea, mwani wa kijani, na sayanobakteria wanaopendwa na vitabu: Synechocystis, Anabaena na wenzao. Tawi A ni la proteobakteria, wakiwemo wengi wanaopata nishati kwa kuunguza salfa. Lakini tawi hilo hilo A linabeba pia sayanobakteria wadogo sana: Prochlorococcus na Synechococcus wa baharini, na ndugu zao wa maji baridi, Cyanobium. Kwa 16S hawa ni sayanobakteria bila ubishi. Kwa rubisko wamekaa na proteobakteria. Soma tena barua yako, binti yangu, utaona umeyaandika hayo hayo kwa mkono wako, ukidhani ni kosa.

Wala si wao peke yao. Daiatomu wa ziwa lako, wale wenye maganda ya kioo, wana tawi D, ambalo kwa nasaba liko jirani na tawi C la proteobakteria, mbali na rubisko ya mimea. Ajabu kubwa zaidi ni dinoflajelata, viumbe wa seli moja wa majini. Wengi wao wanaishi kwa jua kama mimea, lakini wanatumia rubisko ya kundi la pili kabisa, isiyo na vipande vidogo, ya aina inayojulikana kwa bakteria wa zambarau. Charles Delwiche na Jeffrey Palmer walipokusanya mifuatano hii yote mwaka 1996, walihitimisha kwamba jeni ya rubisko imehamahama na kurudufiwa mara nyingi sana. Kwa hiyo ulichokiona kina jina na kina historia ya karibu miaka thelathini kwenye fani yetu.

Uliuliza inawezekanaje. Bakteria hawangoji kuzaa ili wapeane jeni. Kipande cha DNA kinaweza kupita kwenye daraja kati ya seli mbili zilizogusana, kinaweza kubebwa na virusi, au seli inaweza kukiokota majini baada ya mwenzake kufa na kupasuka. Virusi wanaoshambulia sayanobakteria wa baharini wamekutwa wakibeba jeni za usanisinuru ndani yao, kwa hiyo usafiri upo na unafanya kazi hadi leo. Vipande vingi vinavyoingia hupotea. Vinavyobaki ni vile vinavyomfaa mwenyeji, na ili uone kwa nini hiki kilifaa, lazima nikueleze tabia ya rubisko. Hapa nivumilie kidogo, maana ndipo penye utamu wote.

Rubisko ni mvivu. Viko vimeng'enya vinavyofanya maelfu ya kazi kwa sekunde. Rubisko ya mmea hunasa molekuli kama 3 tu za hewa ukaa kwa sekunde, na ya sayanobakteria kama kumi na kidogo. Tena hukosea. Inaishika ile sukari, inaigeuza kuwa umbo lenye njaa ya kuunganishwa na kitu, halafu inasubiri. Hewa ukaa haina mahali maalumu pa kukaa ndani ya kimeng'enya, inakuja tu na kugonga. Oksijeni nayo ikija hugonga pale pale. Oksijeni ikitangulia, zao linakuwa taka ambayo seli inapaswa kutumia nishati kuisafisha, na sehemu ya kaboni iliyokwisha kunaswa hutoroka tena. Katika mimea mingi ya kawaida, kwenye joto la wastani, hilo hutokea takriban mara moja katika kila nne. Kosa hili lilitambuliwa mwaka 1971 na George Bowes, William Ogren na mwenzao Hageman.

Wanafunzi wangu husikia haya wakasema kimeng'enya hiki ni kibovu. Mimi sikubali. Rubisko ilizaliwa wakati hewani hakukuwa na oksijeni ya kutajika, na kosa ambalo halina nafasi ya kutokea halina anayelirekebisha. Oksijeni ilianza kujaa angani yapata miaka bilioni 2.4 iliyopita, tena walioileta ni sayanobakteria wenyewe, waliokuwa wanategemea rubisko hiyo hiyo. Tangu hapo kila ukoo umekuwa ukirekebisha kwa namna yake. Baadhi ya rubisko zimekuwa makini zaidi katika kutofautisha hewa ukaa na oksijeni, na kwa kawaida zimelipa kwa mwendo. Nyingine zimebaki za kasi lakini hazina umakini, na hizo huishi mahali pasipo oksijeni nyingi. Zenye kasi zaidi zilizowahi kupimwa ni za kundi la pili, kwa bakteria wa namna hiyo, na hufikia 20 na zaidi kwa sekunde.

Sayanobakteria walichagua kujenga chumba. Ndani ya seli yao kuna vijumba vidogo vyenye kuta za protini, vinaitwa kaboksisomu, na rubisko imefungiwa humo. Seli huvuta bikaboneti, umbo la hewa ukaa iliyoyeyuka, kutoka majini, huiingiza kwenye kijumba, humo kimeng'enya kingine huigeuza kuwa hewa ukaa, na rubisko inajikuta imezungukwa na hewa ukaa nyingi hadi oksijeni haipati nafasi. Fikiria maana yake kwa ziwa letu. Maji ya Tanganyika yana alkali, pH inakaribia 9, na kwenye maji ya namna hiyo karibu kaboni yote iliyoyeyuka ni bikaboneti, hewa ukaa yenyewe ni kidogo mno. Asiye na pampu na chumba atashinda njaa huku amezungukwa na chakula.

Na sasa njoo kwenye lile fundo. Kaboksisomu ziko za aina mbili, alfa na beta, kuta zao zimejengwa kwa protini tofauti. Sayanobakteria wenye rubisko ya tawi B wana beta. Wenye tawi A wana alfa, sawa na proteobakteria wa salfa kama Halothiobacillus neapolitanus. Jeni za alfa zimepangwa mstari mmoja kwenye kromosomu: cbbL ya kipande kikubwa, cbbS ya kipande kidogo, karibu yake csoS2 ya ukuta, na nyinginezo. Kilichohama, basi, ni mashine pamoja na chumba chake, kwa kifurushi kimoja. Mpokeaji hakulazimika kuunda kitu kipya, na ndiyo sababu kifurushi kilibaki. Ninapofika hapa darasani huwa najikuta nimesimama kimya. Ukoo mzima wa viumbe wanaozalisha sehemu kubwa ya chakula cha bahari unaishi kwa chombo ulichopata kwa jirani.

Umeniuliza pia, kwa mlango wa nyuma, rubisko ilitoka wapi mwanzo kabisa. Kundi la tatu linapatikana kwa arkea, viumbe wa seli moja wanaofanana na bakteria lakini wa ukoo wao wenyewe, na huko wengi hawaitumii kujilisha kwa hewa. Inawasaidia kurejeleza mabaki ya vipande vya RNA. Kundi la nne linafanana na rubisko kwa sura lakini halinasi hewa ukaa kamwe. Kwa Bacillus subtilis, kwa mfano, linafanya kazi ya kurejeleza methionini. Kwa hiyo wengi wetu tunaona kwamba mzee wa ukoo alikuwa kimeng'enya cha kazi nyingine, na kunasa kaboni kwa ajili ya kula kulikuja baadaye. Mwaka 2020 ilielezwa rubisko yenye vipande vikubwa 8 bila kipande kidogo hata kimoja, iliyopatikana kwa bakteria wa kundi la Chloroflexi. Miaka miwili baadaye watafiti wa Ujerumani walizijenga upya maabara rubisko za mababu kwa kukisia mifuatano yao, wakaonyesha jinsi kipande kidogo kilivyoingia na kuongeza umakini. Kwa hiyo ukisoma mahali kwamba rubisko haijabadilika tangu enzi na enzi, jua aliyeandika hakutazama kwa bakteria.

Turudi kwenye meza yako. Kuna maelezo matatu yanayoshindana: uchafu, jeni kuhama, na la tatu ambalo hukulitaja, kwamba babu wa zamani alikuwa na nakala mbili za jeni, kisha koo zikapoteza moja moja tofauti. Hili la tatu usilidharau, kwani hadi leo kuna bakteria wenye zaidi ya rubisko moja. Rhodobacter sphaeroides ana ya kundi la kwanza na ya pili pamoja. Kwa tawi A la sayanobakteria, wataalamu wengi wanaegemea kuhama, kwa sababu ya kile kifurushi kizima. Wewe huna haja ya kumaliza ubishi huo kwenye tasnifu ya shahada ya kwanza. Kazi yako ni kuondoa uchafu kwenye orodha.

Cha kwanza hakihitaji hata shilingi ya kitendanishi. Nimehesabu sayanobakteria wa kulinganishia kwenye mti wako: wapo watatu, na wote ni wa tawi B. Hakuna Prochlorococcus, hakuna Synechococcus wa baharini, hakuna Cyanobium. Umewaita mjini wageni wako, ndugu zao hukuwaalika, halafu unashangaa wamekwenda kukaa na majirani. Chukua mifuatano ya cbbL ya hao watatu waliokosekana kutoka GenBank, hifadhi ya mtandaoni ya mifuatano ya jeni, ongeza proteobakteria kumi hivi wa tawi A, na wa tawi C na D wachache. Kisha usichore mti kwa herufi za DNA. Tafsiri kwanza kuwa asidi amino, yaani matofali ya protini, kwa sababu katika umbali mkubwa namna hii ile herufi ya tatu ya kila neno imebadilika mara nyingi mno hadi imefuta nyayo zake. Mzizi uweke kwa rubisko ya kundi la pili. Kama mifuatano yako itasogea na kukaa bega kwa bega na Cyanobium, ndani ya tawi A, basi una jibu, na linakubaliana na 16S yako.

Ukiwa umetafsiri, hakikisha mfuatano unasomeka mwanzo hadi mwisho bila alama ya kusimama katikati, na tafuta zile asidi amino ambazo rubisko haifanyi kazi bila hizo. Kwa kuhesabu kama ilivyo kwenye mchicha, nafasi ya 201 lazima iwe lisini, kwani hapo ndipo hewa ukaa nyingine, si ile inayonaswa, pamoja na magnesi hukaa kukiamsha kimeng'enya, na nafasi za 203 na 204 ziwe aspateti na glutameti. Kipande chako kikiwa kifupi, angalia zile kinazozifikia. Mfuatano uliokosa hizi unaweza kuwa wa kundi la nne, nao haufai kuhesabiwa kama mnasaji wa kaboni.

Kisha tazama tofauti kati ya mifuatano yenyewe. Tone moja la uchafu huzaa mfuatano mmoja unaojirudia. Kama yako yote inafanana herufi kwa herufi, na hasa kama inafanana na bakteria wa salfa anayefugwa kwenye maabara hiyo kwa ajili ya kidhibiti chanya, sampuli inayojulikana kutoa jibu, msimamizi wako ana haki. Kama inatofautiana yenyewe kwa yenyewe, na ya mita 10 ina sura tofauti kidogo na ya mita 50, uchafu hauelezi hilo. Kwenye mti wako nimeona pia mifuatano michache iliyokaa tawi B, jirani na Anabaena, yule anayetanda kijani juu ya maji pale upepo wa kusi unapotulia. Hiyo ni habari njema sana. Chupa moja imekupa matawi mawili, na yote mawili yana wenyeji wanaojulikana ziwani.

La mwisho ni picha za jeli, zile zinazoonyesha DNA iliyokuzwa kama mistari, yaani bendi. Hukunitumia, na nazitaka. Nionyeshe njia ya kidhibiti tupu, ile uliyoweka maji badala ya DNA, na ile ya kichujio kisafi kilichopita hatua zote za kutoa DNA. Miaka yangu ya mwanzo niliwahi kupata bendi hafifu kwenye njia tupu, nikajiambia ni kivuli. Ilinichukua wiki sita kugundua kwamba chupa ya maji ya kuchanganyia ilikuwa na bakteria, na kila nilichokikuza wiki hizo nilikitupa. Kwa hiyo nakuomba, kama njia tupu ina bendi, hata hafifu, usiendelee na lolote nililokwambia hapo juu. Hapo kuanza upya ndilo jibu, nami nitakusaidia kumweleza msimamizi kwa nini unahitaji muda.

Ukipata pesa kidogo ya baadaye, jaribio moja lenye nguvu ni PCR inayoanzia ndani ya cbbL, ikavuka cbbS, ikaishia ndani ya csoS2. Ikitoka, umeonyesha kwamba jeni yako imefuatana na ukuta wa kaboksisomu ya alfa. Lakini uwe mkweli kwa msomaji wako: hata hiyo haionyeshi kwamba jeni ile na 16S ile zilikuwa ndani ya seli moja, kwa sababu umechuja maji yenye viumbe wa kila namna, na proteobakteria halisi wa tawi A nao wanaweza kuwemo. Andika «inaelekea ni ya Cyanobium na jamaa zake». Neno «inaelekea» halikushushi hadhi.

Sasa mita 150. Nilikwambia uifute ile sentensi, na sababu ni hii. Katika ziwa letu oksijeni hukoma takriban kati ya mita 100 na 200, kutegemea mahali na msimu, na kutoka hapo hadi chini kabisa, mita 1,470 pale penye kina kikubwa kuliko pote, ni maji yasiyo na oksijeni. Bakteria wa huko wana njia zao. Praima zako, vile vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha PCR, zimetengenezwa kwa rubisko ya kundi la kwanza tu, kwa hiyo ya kundi la pili ingepita mbele yako usiione. Tena rubisko ni mlango mmoja tu. Njia za kunasa kaboni tunazozijua leo zinafika saba, na sita hazitumii rubisko hata kidogo. Bakteria wa salfa wa kijani wanaendesha mzunguko wa asidi ya sitriki kinyumenyume, jambo lililoelezwa mwaka 1966 na likabishiwa kwa miaka mingi. Arkea wanaounguza amonia wana njia yao. Wanaoishi bila oksijeni kabisa, kama wale wanaotoa methani, wana nyingine, ambayo wengi wanaihesabu kuwa ya kale kuliko zote. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, wa maji yaliyochotwa Kigoma na Mahale hadi mita 1,200, ulijenga upya jenomu, yaani seti za jeni za kiumbe, zaidi ya 500 za bakteria na arkea wa ziwa hili. Utafute uusome, utakufaa kuliko maelezo yangu.

Andika hivi: «Kwa praima tulizotumia, jeni ya rubisko ya kundi la kwanza haikupatikana kwenye sampuli ya mita 150.» Na kabla ya hata hilo, jibu swali moja: je, 16S ilitoka kwenye sampuli hiyo? Kama ilitoka, DNA yako ni nzima. Kama haikutoka, huenda kuna kitu kwenye maji ya chini kinachozuia PCR, na dawa yake ni kuipunguza DNA mara kumi kwa maji safi na kujaribu tena.

Mambo haya yana mwisho wa kushauriana kwa maandishi. Chukua faili zenyewe za mashine ya kusoma mfuatano, zile zenye vilima vya rangi nne, usichukue herufi tupu, nenda nazo kwa mtu ukae naye mezani. Vilima viwili vikipandana mahali pamoja mara kwa mara, mfuatano huo ni mchanganyiko wa jeni mbili, na hilo linahitaji jicho lililozoea. Nenda kwa msimamizi wako kwanza, ukiwa na mti mpya mkononi, na mwombe saa moja, si dakika moja. Ukimkuta ameshikilia msimamo bila kutazama, omba kwa heshima mtu wa pili wa idara autazame. Ni haki ya mwanafunzi. Na kama upo nyumbani likizo, watafiti wa samaki wa TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, hapo Kigoma wanalijua ziwa kwa misimu yake. Waulize oksijeni ilikuwa inakomea wapi mwezi uliochota, maana bila hilo sampuli ya mita 150 hujui hata kama ilitoka upande wa juu wa mpaka au wa chini.

Vichujio vyako, kama vimebaki kwenye friza, usiruhusu mtu avitupe kwa sababu kazi imeitwa chafu. Kikate kila kimoja nusu kwa wembe uliounguzwa motoni, nusu moja irudishe kwenye baridi, andika kina na tarehe kwa penseli, kwa sababu wino wa kalamu hufutika kwenye barafu. Picha za jeli nitumie ukizipata.